Safu ya Maelezo

Jedwali langu lilikuwa na safu tisa. Jina la mwanafunzi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu ya mzazi, alama, mahudhurio, na kadhalika, mpaka unafika mwisho kabisa upande wa kulia, kwenye safu niliyoiita "Maelezo". Humo niliandika yale ambayo mwalimu wa darasa huyajua kwa kukaa na watoto kila siku. Huyu ana pumu, asikimbizwe. Huyu wazazi wake wametengana, apigiwe simu mama peke yake. Huyu baba yake yuko gerezani, akinyamaza sana aitwe pembeni aulizwe taratibu. Niliyaandika kwa nia njema. Nilitaka mwalimu yeyote atakayeshika darasa lile siku nisipokuwepo asije akamuumiza mtoto kwa kutojua.

Muhula mmoja walimu wenzangu waliniomba wawe wanajaza alama moja kwa moja kwenye jedwali lile mtandaoni, badala ya kuniletea karatasi. Nikafungua sehemu ya kushirikisha wengine, nikachagua kwamba yeyote mwenye kiungo aweze kuona na kuandika, nikakituma kiungo kwenye kundi la walimu. Kazi iliyokuwa ikituchukua siku tatu ikaisha jioni moja. Nilifurahi kweli. Wiki mbili baadaye mwalimu mmoja, akitaka wanafunzi wake waone alama zao haraka, akawatumia kiungo kile kile. Safu ya mwisho haikumjia akilini. Kwenye simu yake haikuonekana. Skrini ilikuwa ndogo, na mwenye kutaka kuona yaliyoko kulia alipaswa kusukuma kwa kidole.

Watoto walisukuma kwa kidole.

Kesho yake asubuhi darasa lilikuwa kimya kwa namna ambayo mwalimu yeyote anaijua, ukimya wa watu waliokwisha kuzungumza sana kabla hujaingia. Msichana wa dawati la pili hakuwepo. Hakuja siku ile wala siku nne zilizofuata. Siku ya tano alikuja mama yake. Hakupaza sauti hata mara moja, na mpaka leo natamani angepaza.

"Mwalimu," aliniambia, "habari za baba yake nilikwambia wewe. Nilikwambia peke yako, pale mlangoni, ili umwelewe mtoto. Nani alikutuma uandike?"

Nilimwomba radhi. Nilimwambia kwamba nimekwisha kukifunga kiungo, kwamba tumewaonya wanafunzi, kwamba haitatokea tena. Aliitikia kwa kichwa, akachukua fomu ya uhamisho, akaondoka. Swali lake sikulijibu.

Ningeweza kujitetea kwamba hapakuwa na mdukuzi. Hakuna aliyevunja nywila wala kuingiza kirusi, na kila mtambo ulifanya kile ulichoagizwa. Lakini wanaoshughulika na usalama wa mtandao hawana mlango huo wa kutokea: taarifa iliyomfikia asiyestahili kuiona imevuja, awe ameiba au amepewa. Na mimi ndiye niliyeivujisha, kwa kubonyeza mara mbili.

Tangu mwaka ule nikisoma habari za shule iliyovamiwa mtandaoni, huwa sianzi na kiasi cha fedha kilichodaiwa wala jina la kundi la wahalifu. Natafuta safu ya Maelezo. Na karibu kila mara naikuta.

Februari 2023 shule za umma za jiji la Minneapolis, Marekani, zilivamiwa na kundi linalojiita Medusa. Wahalifu walitaka dola milioni 1. Wilaya ya shule haikulipa, na mwezi Machi mafaili yakamwagwa mtandaoni. Miongoni mwake yalikuwamo maandishi ya walimu na washauri nasaha kuhusu watoto waliodhalilishwa kingono, waliojaribu kujiua, waliolazwa kwa matatizo ya akili, walioteswa na wazazi wao wenyewe. Kwa siku kadhaa uongozi uliliita jambo lile "tukio la usimbaji", maneno ambayo mzazi akiyasikia hawezi kujua kama achukue hatua au alale. Waandishi wa shirika la habari la Associated Press walipozitafuta familia sita ambazo mafaili ya udhalilishaji wa watoto wao yalikuwa yameanikwa, familia hizo zilikuwa hazijaambiwa na mtu yeyote. Habari kwamba siri ya mtoto wao iko hadharani waliipata kwa mwandishi wa habari.

Huwa nasimama hapo. Namfikiria mshauri nasaha aliyeandika faili lile. Bila shaka aliandika kwa nia njema kama yangu. Pengine sheria ilimtaka aandike, na bila maandishi hayo mtoto asingepata msaada. Sisemi hakupaswa kuandika. Nasema maandishi yale yalikaa kwenye seva moja na orodha za mabasi na menyu za chakula, na aliyefika kwenye orodha za mabasi alikuwa amekwisha kufika kwa mtoto yule.

Los Angeles, wilaya ya pili kwa ukubwa Marekani, ilipatwa na hayo hayo Septemba 2022. Nayo haikulipa, na mwanzoni mwa Oktoba takriban gigabaiti 500 zikawekwa hadharani. Miezi kadhaa ilipita ndipo wilaya ikathibitisha kwamba humo mlikuwa na rekodi zipatazo 2,000 za tathmini za wanafunzi, zile ripoti ambazo mwanasaikolojia wa shule huandika baada ya kukaa na mtoto chumbani na kumuuliza mambo ambayo hata nyumbani haulizwi.

Helsinki, mji mkuu wa Finland, katika nchi ambayo walimu wengi tunaitaja kila tunapotaka mfano wa elimu bora, uvamizi uligunduliwa tarehe 30 Aprili 2024. Wavamizi walipitia seva inayowawezesha wafanyakazi kuingia kwenye mfumo wakiwa mbali. Seva ile ilikuwa na tundu linalojulikana, na sasisho la kuliziba lilikuwa limekwisha kutolewa, ila halikuwa limewekwa. Wakafika kwenye hifadhi ya pamoja ya idara ya elimu: mamilioni ya mafaili, mengine ya watoto wadogo wa chekechea, mengine yakieleza nani anahitaji msaada maalumu na kwa nini, mengine vyeti vya daktari. Jiji lilikiri wazi kwamba sasisho lilikuwepo. Nililiheshimu kwa hilo, maana tumezoea kusikia kwamba wavamizi walitumia mbinu za hali ya juu mno.

Mbinu za hali ya juu ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Kisa kikubwa kuliko vyote katika elimu ninavyovijua kilianza na nywila moja. PowerSchool ni kampuni ya Marekani ambayo mfumo wake hutunza kumbukumbu za wanafunzi katika shule nyingi sana za Marekani na Kanada. Tarehe 28 Desemba 2024 iligundua kwamba mtu ameingia kupitia lango la huduma kwa wateja, lile ambalo mafundi wa kampuni hulitumia kuzisaidia shule. Alikuwa na jina na nywila halali ya mtu mwingine. Lango lile halikumtaka athibitishe kwa hatua ya pili, hata ile namba fupi inayotumwa kwenye simu ambayo mimi huulizwa ninapofungua barua pepe yangu. Aliingia, akapakua. Waendesha mashtaka wa Marekani walisema baadaye kwamba taarifa zilizochukuliwa ziliwahusu wanafunzi zaidi ya milioni 60 na walimu wapatao milioni 10. Aliyekiri kosa alikuwa mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 19. Oktoba 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka 4.

Kabati la mwalimu mkuu wangu wa zamani lilikuwa la chuma, rangi ya kijivu, na ufunguo wake alitembea nao. Mwizi aliyetaka mafaili yale alilazimika kuja kwa miguu usiku, avunje dirisha, kisha avunje kabati, na angetoka na kile ambacho mikono yake miwili ingebeba. Kuiba mafaili ya watoto milioni 60 kwa njia ile kungehitaji treni. Watu wakinisikia nikisema hivi hudhani natamani karatasi zirudi. Sitamani. Karatasi zililiwa na mchwa, zililowa, zilipotea na mwanafunzi akakosa cheti maisha yake yote. Nimeona mtoto asiyeona vizuri akisoma kitabu chake cha kwanza kwa sababu skrini ilimkuzia herufi, na nimeona mwanafunzi mgonjwa akifuata masomo akiwa kitandani. Hayo sitakubali yaondoke. Ninachokataa ni kulihamishia kabati lote mtandaoni bila kujiuliza mle ndani kuna nini, na kwa nini bado kimo.

Maana katika kisa cha PowerSchool, sehemu iliyoninyima usingizi haikuwa milioni 60. Ilikuwa mwaka 1985. Bodi ya shule za Toronto ilipowaandikia wazazi kuwaeleza kilichotokea, ilisema kwamba taarifa zilizoguswa zilihusu wanafunzi tangu mwaka 1985. Fikiria mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo. Amekua, amesoma, ameajiriwa, huenda ana watoto waliosoma katika shule zile zile. Shule alikwisha kuisahau. Shule haikumsahau. Tarehe yake ya kuzaliwa, anwani ya nyumba aliyoishi na wazazi wake, na pengine namba yake ya kadi ya afya, vilibaki vikihamishwa kutoka mfumo hadi mfumo kwa karibu miaka 40, kila mara kwa sababu kuhamisha vyote ni rahisi kuliko kuketi na kuchagua.

Nani alihitaji anwani ile? Mtu mzima akiomba uthibitisho kwamba alisoma shule fulani, panatosha jina, mwaka na matokeo. Haya mengine yalitunzwa kwa mazoea tu. Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 2018, inalisema jambo hili waziwazi: kusanya kile unachokihitaji kwa kusudi ulilolitaja, na usikitunze kupita muda wa kusudi hilo. Ni sentensi ambayo ningependa ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya taaluma. Lakini ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya nchi ambazo sheria zake zinahakikisha wazi faragha ya data katika elimu. Kwingine kote mtoto anategemea hisani ya mtu kama mimi, na nimekwisha kueleza hisani yangu ilimfikisha wapi.

Kuna jambo jingine katika kisa cha PowerSchool. Kampuni ililipa. Ililipa ili taarifa zifutwe, na ilionyeshwa video ya mtu akizifuta. Mei 2025, miezi michache tu baadaye, bodi za shule, Toronto ikiwa mojawapo, zikaanza kupokea vitisho vipya vilivyoambatana na taarifa zile zile. Faili la kompyuta halina asili na nakala. Nakala ya kumi ni sawa kabisa na ya kwanza. Video ya mtu akifuta haithibitishi chochote isipokuwa kwamba alifuta moja.

Watu huuliza mwizi atafanyia nini taarifa za mtoto wa miaka tisa, asiye na benki wala mshahara. Hapo ndipo penye thamani yake. Katika nchi ambazo mkopo hutolewa kwa namba ya utambulisho na tarehe ya kuzaliwa, jina la mtoto ni safi, halina deni, na hakuna atakayelichunguza mpaka afikishe umri wa kuomba mkopo wa kwanza. Anaweza kugundua akiwa na miaka 18 kwamba amekuwa mdaiwa tangu akiwa darasa la tatu. Nywila ikiibwa unaibadilisha jioni ile ile. Tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi. Na habari kwamba baba yako aliwahi kufungwa haibadilishwi na ofisi yoyote duniani.

Katika shule niliyohamia baadaye nilikabidhiwa kazi ya kusimamia mifumo, kwa sababu moja tu: hakuna mwingine aliyeitaka. Ndivyo ilivyo katika shule nyingi. Benki yenye wateja elfu chache huwa na kitengo cha usalama. Shule yenye watoto elfu chache huwa na mwalimu wa fizikia mwenye vipindi 24 kwa wiki ambaye pia "anajua kompyuta". Siku yangu ya kwanza nilizunguka vyumba vya walimu na kuhesabu nywila zilizobandikwa kwenye fremu za skrini. Niliacha kuhesabu zilipofika kumi na moja. Mtambo wa alama ulikuwa na akaunti moja ya pamoja iliyotumiwa na walimu wote, na nywila yake ilikuwa jina la shule na mwaka. Mwalimu aliyestaafu miaka minne kabla yangu bado angeweza kuingia akiwa nyumbani kwake.

Mwezi wa pili mvulana mmoja wa madarasa ya juu aliingia kwenye akaunti ya mwalimu wake wa hesabu, akajiongezea alama saba. Hakuwa na utaalamu wowote. Alikaa dawati la mbele, akatazama vidole vya mwalimu kwa muda wa wiki mbili, herufi mojamoja, akiziandika nyuma ya daftari. Kikao cha nidhamu kilitaka afukuzwe. Niliomba nizungumze naye kwanza, na badala ya kumuuliza kwa nini, nikamuuliza vipi. Alinionyesha. Kisha akanionyesha mengine matatu ambayo sikuyajua, likiwamo tundu katika maabara ambalo lilimwezesha mwanafunzi yeyote kusoma mafaili ya ofisi ya mhasibu. Alikuwa amelijua tangu mwaka uliopita. Nilipomuuliza mbona hakusema, alijibu kwamba hakujua amwambie nani asiyeweza kumwadhibu.

Jibu lile lilinibadilisha zaidi ya semina zote nilizohudhuria. Ofisi ya kamishna wa taarifa ya Uingereza ilipochambua matukio 215 ya uvujaji uliotokea ndani ya taasisi za elimu zenyewe, ilikuta kwamba asilimia 57 yalisababishwa na wanafunzi. Pale ambapo nywila zilikuwa zimeibwa, karibu wote walioziiba walikuwa wanafunzi, mara nyingi kwa kubahatisha au kwa kuzikuta zimeandikwa kwenye karatasi. Mtu anaweza kuisoma takwimu hiyo na kuhitimisha kwamba watoto ni hatari. Mimi naisoma nikiona watoto wenye akili, wenye muda, waliokaa miaka ndani ya jengo ambamo watu wazima wameacha milango wazi. Yule mvulana hakufukuzwa. Alama zake zilirudishwa, alipewa adhabu, na mpaka anamaliza shule alikuwa ndiye mtu wa kwanza kuniambia kila alipoona kitu hakijakaa sawa. Sidai kila mtoto angegeuka hivyo. Huyu aligeuka.

Kinachonisumbua zaidi ya watoto ni programu. Kila wiki mwalimu mmoja hunijia na programu mpya ya bure: ya maswali, ya kuhesabu, ya kusoma kwa sauti, ya kupeleka kazi za nyumbani. Nyingi ni nzuri darasani. Shule zilipofungwa wakati wa korona tulizipokea kwa mikono miwili, na hatukuwa na budi. Baadaye shirika la Human Rights Watch lilichunguza bidhaa za kidijitali ambazo serikali za nchi 49 zilizipendekeza kwa watoto wakati ule, na ripoti yake ya Mei 2022 ikasema kwamba asilimia 89 zilikuwa zikiweka haki za watoto hatarini au kuzikiuka, nyingi kwa kuwafuatilia na kuzipeleka taarifa zao kwa makampuni ya matangazo. Mtoto aliyefungua somo la hesabu za sehemu alikuwa akifuatwa mpaka nje ya somo. Hakuombwa ruhusa, na mzazi wake angekataa angekuwa amemnyima shule.

Ndiyo maana siku hizi nikiletewa programu sianzi na uzuri wake. Nauliza inataka nini kutoka kwa mtoto. Ikiwa mazoezi ya kuzidisha yanahitaji tarehe ya kuzaliwa na kamera, naikataa, na nimegombana na wenzangu ninaowapenda kwa sababu hiyo. Mara nyingi tunaitumia kwa majina ya kubuni: mwanafunzi namba fulani wa darasa fulani, na orodha inayooanisha namba na majina nabaki nayo mimi. Tunda jekundu la kuhesabia kwenye skrini halihitaji kujua jina la anayelihesabu.

Kwa upande wa kujikinga, mambo yanayozuia sehemu kubwa ya maafa ni ya kuchosha kuyasimulia. Kila mtu na akaunti yake, na akaunti inafungwa siku mwenyewe anapoondoka. Hatua ya pili ya uthibitisho kwa kila anayegusa kumbukumbu za wanafunzi, bila kumsamehe mkuu. Masasisho yanawekwa wiki yanapotoka. Nakala rudufu inatunzwa mahali ambapo mtandao wa shule haufiki kabisa. Hili la mwisho nitalisimulia kidogo, maana kuna watu waliolipia somo lake kwa ajili yetu sote.

Oktoba 2019 mfanyakazi mmoja wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, alibonyeza kiungo ndani ya barua pepe ya kilaghai. Hakuna kilichotokea, au ndivyo ilivyoonekana. Wavamizi walizunguka ndani ya mtandao kwa zaidi ya miezi miwili, wakijifunza ramani ya nyumba. Walisubiri mpaka tarehe 23 Desemba, ofisi zikiwa tupu kwa sikukuu, ndipo wakafunga mamia ya seva kwa mpigo. Baadhi ya nakala rudufu zilikuwa zimeunganishwa na mtandao ule ule, nazo zikafungwa. Ili zifunguliwe, chuo kililipa bitcoin 30, fedha za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban euro 200,000. Kisha kikafanya jambo ambalo taasisi nyingi hazithubutu: Februari 2020 kiliita mkutano wa wazi na kueleza mbele ya umma, hatua kwa hatua, walivyoingiliwa, walichokosea na kwa nini walilipa. Miaka miwili baadaye polisi walifanikiwa kurudisha sehemu ya fedha zile, na kwa kuwa thamani ya bitcoin ilikuwa imepanda, kilichorudi kilifikia euro 500,000. Chuo kikasema kitazielekeza kwa wanafunzi wenye shida. Mimi najifunza zaidi kutoka kwenye mkutano ule kuliko kwenye euro zilizorudi. Laiti Minneapolis ingezungumza vile.

Desemba hiyo hiyo ya 2019 Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, kilizima mitambo yake yote baada ya kuvamiwa, na kikalazimika kubadilisha nywila za watu 38,000. Kwa kuwa barua pepe haikuweza kuaminiwa, kila mmoja, mwanafunzi na profesa, alipanga foleni na kitambulisho mkononi akakabidhiwa nywila mpya kwenye karatasi. Foleni zilikwenda kwa siku kadhaa. Picha zake zilizunguka dunia na watu wengi wakacheka. Sikuona cha kuchekesha. Niliona shule ikihakikisha kwa macho kwamba aliyesimama mbele yake ni yeye kweli.

Chuo cha Lincoln huko Illinois hakikubahatika hivyo. Kilianzishwa 1865, kikapita vita viwili vya dunia, mdororo mkubwa wa uchumi na homa ya 1918. Desemba 2021, kikiwa tayari kimedhoofishwa na korona, kilivamiwa na mifumo yake ya kudahili wanafunzi na kuchangisha fedha ikafungwa. Ilipofunguliwa Machi, hesabu zilionyesha kwamba wanafunzi wapya hawatatosha. Tarehe 13 Mei 2022 kilifunga milango baada ya miaka 157.

Yule msichana wa dawati la pili sikumwona tena. Miaka kadhaa baadaye nilikutana na mama yake kwa bahati, kwenye foleni ya ofisi moja. Alinitambua kabla sijamtambua. Alinisalimu vizuri, akaniambia binti yake anasoma chuo, anaendelea vyema. Nilitaka kusema jambo kuhusu ile siku, nikaanza, akanizuia kwa mkono.

"Mwalimu, yameshapita," alisema. Kisha, baada ya muda kidogo: "Ila kuna mwenzake chuoni alimwonyesha ile picha. Mwaka huu huu."

Mtu alikuwa ameipiga picha skrini siku ile.

Sasa kila mwisho wa mwaka wa masomo, walimu wakishaondoka, hubaki ofisini na orodha. Alama huingia kwenye kumbukumbu ya kudumu. Mengine yote ya wanafunzi waliomaliza, simu za wazazi, picha, anwani, maandishi ya ushauri ambayo muda wake wa kisheria umekwisha, hufutwa. Mwenzangu mmoja huniuliza kila mwaka kama hatutayahitaji siku moja, nami humjibu kila mwaka kwamba siku hiyo ikifika tutawauliza wenyewe. Safu ya Maelezo haipo tena kwenye jedwali lolote ninalolisimamia. Mwalimu akihitaji kujua jambo la mtoto, namweleza kwa mdomo, mlangoni, kama mama yule alivyonieleza mimi.

Kabla ya kufuta, mtambo huuliza kama nina uhakika, kwa kuwa kitendo hiki hakiwezi kurudishwa. Nabonyeza ndiyo. Orodha inapungua, mstari kwa mstari, mpaka skrini inabaki nyeupe. Na kila mwaka, pale pale, naikumbuka ile picha moja ambayo iko kwenye simu ya mtu nisiyemjua, ambayo kidole changu hakiwezi kuifikia.